Diski ya Pili

Mwaka ule korosho zililipa Newala,
Mchopa akanunua jenereta na boksi lenye picha ya joka,
ndani yake diski mbili.
Ya kwanza tuliitazama mpaka ikakwaruzika.
Yule mfalme tulimjua zamani, tangu kwenye gemu kwa Dadi,
shilingi mia kwa nusu saa, vidole gumba vimeota sugu:
mraba ni upanga, duara ni kuruka,
ukifa unarudi getini, na unadaiwa mia nyingine.

Jumamosi moja ukungu ulipanda kutoka bondeni,
ukaingia bandani bila kulipa,
na Mchopa, sijui kwa pupa, sijui kwa giza,
akatia diski ya pili.

Hakuna aliyechomoa upanga.
Mzungu mwenye kipara alikaa kitini akieleza habari za gundi.
Nandonde, mtafsiri wetu, aliyezoea kunguruma
kwa sauti tatu, ya mfalme, ya mchawi na ya farasi,
alishika kipaza sauti, akakohoa:
"Anasema… anasema gundi hii haikauki upesi."

Kisha joka.
Joka lililotulaza gubigubi wiki nzima
lilikuwa mpira wa tenisi juu ya fimbo,
na fimbo ameishika kijana wa suruali ya kijani
anayepiga miayo.
Na lile shimo, mfalme akining'inia ukingoni kwa vidole viwili,
shimo tuliloapa kwamba linalishinda Shimo la Mungu la kwetu,
lilikuwa kimo cha mbuzi,
chini pametandikwa magodoro.

"Rudisha hela!"
Maganda ya karanga yakaruka.
Likanga, aliyetoka jandoni juzi, hakupiga kelele.
Alininong'oneza tu: "Haya si ya kuonyeshwa watoto."
Nilimwelewa.
Midimu wakicheza, unakiona kidole cha mguu cha mjomba wako,
kile chenye kucha iliyopondwa na jembe,
kinatimka vumbi chini ya kinyago;
unakijua, na hukijui,
na mbio unazitoka.

Ndipo mama akaja kunifuata,
tepu ya cherehani shingoni, mkono tayari kwa sikio langu.
Mkono ukaishia hewani.
Kwenye kioo mwanamke mwenye miwani mizito
alikuwa anakata bomba la plastiki, pete kwa pete,
anaziunga, anazipaka rangi ya fedha:
deraya ya mfalme, ile tuliyodhani ni chuma cha kuzimu.
"Anasema pete ni elfu kumi na mbili," Nandonde alisoma huku anapiga mwayo.
"Anasema alama za vidole vyake zimefutika."

"Mchopa, rudisha nyuma hapo," mama alisema.
Akakaa benchi la mbele, kati ya watoto,
mwanamke mzima, bandani, saa tatu za usiku.
Watu wakatoka mmoja mmoja wakisonya.
Yeye aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.
"Umeona? Kwapani hakuunga pete. Ameweka kitambaa.
Angeziba pale, huyo mfalme wenu
asingenyanyua hata kijiko."

Njiani hakunipiga. Wala hakusema neno lingine,
ila mara moja alisimama gizani,
akanyanyua mkono wake wa kulia, akaushusha,
akanyanyua tena.

Jumatatu nilikwenda kwa Dadi na mia yangu.
Nikamsimamisha mfalme katikati ya vita,
nikamwinua upanga, nikazungusha kamera,
nikaisogeza mpaka kwapani.
Palikuwa laini kama yai. Hapakuwa na kitambaa wala uzi,
hapakuwa na mtu aliyewahi kuinama pale.
Nikazungusha upande wa pili.
Joka likanikuta bado natafuta mshono,
nikafa,
nikadaiwa mia.