Mvua Ndogo

Nilipobisha mlango wa kijani, Jang'ombe,
Bi Nafuu alitazama begi, kisha viatu, kisha mdomo.
"Chumba kipo. Umetoka wapi, mwanangu?"
"Mkunazini, kwa shoga yangu."
"Sijauliza ulikolala. Nauliza ulikotoka."

Kiuyu, nikasema. Pemba.
Pale pale kodi ikapanda elfu kumi,
na umeme ukawa juu yangu.
"Si ubaya. Nyie pesa mnazo, mnazifukia tu."

Nina charahani ya miguu na mkasi wa marehemu mama.
Nashona sare za skuli, foronya, mabuibui.
Wateja wangu wazuri, huniagizia hata chai.
Wakitaka kupunguziwa mia tano ndipo hunikumbusha:
"Mpemba wewe! Hata uzi waupigia hesabu."
Naupigia, kweli. Uzi nanunua.
Fundi Makame wa duka la pili naye hupiga hesabu.
Yeye huitwa hodari.

Mwaka wa kwanza niliutia ulimi adabu.
Mbele ya kioo, midomo nimeibana:
mkono, mtoto, mkate.
Kwetu maneno haya huanzia puani,
hatuoni haja ya kufunga mlango
kwa kitu kinachotoka chenyewe.
Ikafika m yangu kuwa safi kuliko ya wenye mji.
Ila sindano ikinichoma:
"Uwi, nkono wangu!"
Benchi zima hucheka, nami hucheka,
maana asiyecheka ndiye mwenye roho mbaya.

Kisha Ilham, mtoto wa Subira wa chumba cha mbele,
akashikwa na homa,
siku mbili tangu nimpime gauni la Idi.
Hakuna aliyesema neno. Ndilo lililonitisha.
Asubuhi nikakuta chumvi ya mawe kizingitini,
mstari umenyooka.
Mimi fundi, naujua mkono unaotetemeka;
huo haukutetemeka.
Bombani ndoo yangu ikapewa nafasi pana.
Nikasikia ukutani: "Wale hawasomi kitu. Wale hutazama tu."
Siku tatu nikashona macho nimeyainamisha.

Usiku wa nne, saa nane, hodi.
Subira, miguu mitupu, mtoto begani.
"Dada, nisaidie. Nyinyi kwenu... mnajua."

Tunajua nini? Baba alikuwa karani wa ghala.
Bibi aliogopa paka.
Mganga pekee niliyewahi kumwona ni wa hapa hapa mjini,
alimla mjomba mbuzi wawili na goti halikupona.
Nilikuwa na panadoli nne na pesa ya teksi.
Nikalowesha kitambaa, nikamfuta mtoto uso,
tukaenda Mnazi Mmoja.
Daktari akasema kifua. Akaandika sindano.

Alfajiri, njiani kurudi, Subira akanishika kiganja:
"Ungeweza kumfungua tangu juzi, dada.
Lakini nashukuru."

Wanasema Mpemba hakimbii mvua ndogo.
Huniambia hivyo wakinisifu.
Hawajui kwamba hii hainyeshi ikakatika.
Inadondoka tone moja, kila siku, pahala pamoja,
juu ya kitambaa ninachokishona,
nami hukisogeza kidogo,
nikashona,
nikakisogeza.

Ilham siku hizi anashinda chini ya meza yangu, aokota vifungo.
Hunieleza mambo ya chuoni, nami hujisahau nikamjibu
kwa mdomo wangu wa nyumbani.
Jana mamaake alisimama mlangoni kungoja gauni,
benchi limejaa,
mtoto akainua kichwa:

"Mama, nna njaa. Nataka nkate."

Charahani ikasimama yenyewe.
Subira akamtazama mwanawe, akanitazama mimi,
mkono wake ukabaki hewani,
haujajua uende shavuni
au uende kwenye pochi, ilimo mia tano.