Wakaguzi Wawili

Walikuja pamoja, Jumanne, darasa la nne, huku Vihiga:
Bi Kageha wa chuo chetu, viatu vimevaa udongo mwekundu,
na Daktari Ogutu wa chuo kikuu, kutoka Kisumu.
Faili moja, mikono minne.

Nilikuwa nafundisha sehemu,
nusu, robo, thumuni,
kwa ndizi moja na kisu butu.
"Chati iko wapi?" aliandika Bi.
"Nadharia ipi?" aliandika Daktari.

Ndipo Endesia, dawati la nyuma, akainua mkono:
"Mwalimu, nyumbani tuko saba. Hiyo ndizi haigawanyiki."

Kalamu mbili zikasimama.
Mimi jasho. Miaka yote vyuo hivi
vimesalimiana kama majirani waliogombania mpaka:
cheti changu huku kinahesabika,
kule naambiwa nianze upya.

Daktari akavua koti, akachuchumaa.
Bi Kageha akanipokonya kisu.
"Kwanza," alisema, "tuhesabu vinywa."

Saa tisa walitia sahihi karatasi moja,
jina langu katikati.
Mimi nikaokota maganda.
Endesia alikwishaondoka
na kipande cha saba, chembamba kama ukucha,
kimefungwa kwa ukurasa wa hesabu,
cha mdogo wake ambaye hajaanza shule.