Nakala Hamsini

Vitabu vyako ni mimi niliyevijalidi.
Nianze na hilo, usije ukalisikia kwa mwingine.
Hamsini, Bi Tulinagwe. Si elfu moja.
Nilivihesabu mara mbili,
kama mtu wa kazi yako anavyohesabu vidole vya kichanga.

Ulipoingia hapa Gerezani
umekumbatia bahasha ya kaki,
ukauliza, "Ghala la Bwana Mshindo ni lipi?"
wenzangu wakainamia mashine.
Hakuna ghala, mama.
Kuna kisu cha kukatia karatasi, ndoo ya gundi,
na feni moja inayonung'unika.

Ulituma fedha kwa simu mara nne.
Ya kwanza, ya kusoma mswada:
kurasa mia mbili na kumi akazimaliza usiku mmoja,
asubuhi akaziita dhahabu.
Ya pili, ya kuhariri; nami nimekuta ukurasa wa tisa
"uchungu" bado ni "uchungi", kama kidole chako kilivyoteleza.
Ya tatu, nambari ya kitabu.
Ya nne, meza kwenye maonyesho ya ng'ambo,
ambako kitabu chako kingelala siku tatu kikitazamwa na wageni.
Kila awamu ilikuwa ya mwisho,
na kila ya mwisho ikazaa mdogo wake.

Usijilaumu kwa kupenda sifa.
Miaka thelathini na moja unapokea watoto Temeke,
umeme umekatika, tochi mdomoni,
nani aliwahi kukuambia umefanya vizuri?
Kisha mtu mwenye tai, ofisini Sinza
(ofisi ya kukodi kwa saa, nilikuja kujua),
anakwambia, "Mama, hiki kitaingia mashuleni."
Mashuleni.
Neno hilo limejenga ghorofa moja kule Goba.

Mkataba ulinipa niusome, mikono ina gundi.
Kipengele cha saba: haki zote ni zake, milele.
Mrabaha wako, asilimia kumi ya faida halisi;
na faida halisi anaijua yeye peke yake,
kama mganga anavyojua jina la aliyekuroga.

Mimi si mwanasheria. Nasema niliyoyaona mezani hapa.
Anayekitaka kitabu chako hununua karatasi kwa fedha yake.
Anayekutoza ili akupende, hakupendi.
Ukiamua kujilipia mwenyewe, si aibu:
njoo mchana, hesabu rimu,
simama hapa mashine ikizunguka, ondoka na zote,
na haki ya kitabu ibaki kwenye mkoba wako.
Muombe majina ya waandishi wake watatu, uwapigie.
Karatasi ya kusaini kalale nayo nyumbani.
Anayesema "leo, kabla ya saa kumi",
muulize saa kumi kuna nini.

Haya nayasema sasa.
Jumanne ile sikuyasema.
Alinikuta hapa hapa, akasema, "Fundi, hamsini tu,"
na nyuma ya ukurasa wa jina palikuwa pameshaandikwa:
Toleo la kwanza, nakala elfu moja.
Nikapaona. Nikapaka gundi.
Elfu themanini. Nikanunua viatu vya shule vya Sekela,
binti yangu, aliyezaliwa Temeke, usiku, mwaka wa mafuriko.
Sijui kama ilikuwa mikono yako.
Sijakuuliza.

Nilibakiwa na nakala moja mbovu,
jalada limebandikwa kichwa chini.
Nimeisoma wakati wa chakula, siku sita.
Pale mama wa mapacha anapokataa kulala
mpaka wa pili alie,
chai yangu ilipoa.

Nikakupa hiyo.
Nilidhani utalia, au utanipiga nayo.
Ukaigeuza, ukaigeuza tena, ukatafuta ilipo juu,
ukaomba kalamu.
Ukafungua ukurasa wa tisa,
ukakata ile *i*,
ukaandika *u*.