Siku ya Milango Wazi

Samahanini, si mimi niliyepangwa kuwatembeza.
Mwenye kazi hii, Bi Léontine, ameamka na homa,
wakanipa beji yake na karatasi ya kusoma.
Mimi Onésime, fundi wa tanuru.
Mwaka wa thelathini na moja huu nakitia joto chuo.
Karatasi inasema tuanzie ukumbini, kwenye picha za maaskofu.
Mimi nawaanzishia huku chini.
Nyumba haijulikani kwa paa lake.

Gusa bomba hili. Polepole, lisikuunguze.
Linapita chini ya theluji hadi mabwenini,
na usiku wa Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
mtalisikia likikohoa.
Msiniite. Ndiyo desturi yake.

Jengo la kwanza lilikuwa la mbao. Likaungua.
La pili nalo likaungua,
mapadri wakafundisha Kilatini ghalani, msimu mzima,
wanafunzi kumi na wanane juu ya magunia ya viazi,
wino ukiganda kalamuni.
La tatu ni hili la mawe.
Waliyachonga wakata miti wasiojua a wala be;
kila nyumba ya Waakadia mtoni huku ilileta mkokoteni mmoja.
Babu wa babu yangu alileta miwili.
Alikuwa mbishi.

Karatasi inasema: vitivo saba, vitabu laki nne,
ufadhili kwa wanaostahili. Kweli tupu.
Haisemi kwamba lifti ya maktaba huchagua watu,
wala kwamba Novemba, giza likiingia saa kumi jioni,
karibu kila mgeni hulia,
na wengi huja kulilia hapa, penye joto.
Nina viti viwili. Siulizi jina.

Wewe binti wa koti la kijani,
umeuliza swali kwa Kiingereza, kisha ukaomba radhi
kama aliyemkanyaga mtu mguu.
Kifaransa chako kimevunjika, umesema,
ni bibi tu anayekizungumza, tena jikoni.

Mama yangu alichapwa rula shuleni kwa neno moja.
Neno lenyewe lilikuwa *maziwa*.
Alikuwa na miaka sita, na kiu.
Tangu hapo akahesabu pesa kwa lugha moja
na kusali kwa nyingine.
Nilipoajiriwa hapa alikuja kunitazama,
akakomea pale kwenye ngazi, hakuingia.
Wakapita vijana wawili wakigombana
juu ya hesabu, zile ngumu, zenye herufi,
wakigombana kwa lugha ya jikoni kwake.
"Hesabu!" akasema. "Kwa maneno yetu!"
Akacheka hadi akaketi kwenye theluji.

Basi kilete hicho kilichovunjika.
Bomba halivuji katikati, mwanangu,
huvuja kwenye maungio,
na kuunga ndiyo kazi ya nyumba hii,
juu huko na huku kwangu.
Sikuahidi kwamba hutavuja.

Aliyeuliza maegesho ya magari: hakuna.

Haya, twendeni tukawaone maaskofu.
Chungeni vichwa, mlango huu mfupi.
Ama waliojenga walikuwa wafupi,
ama walitaka kila atokaye hapa ainame kwanza.
Bi Léontine anajua jibu.
Mwulizeni Septemba, mkirudi.