Siku ya Ripoti, Kibokoni

Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: disapointi.
Mamangu anakaanga mahamri, hageuki.
"Ndiyo hasira hiyo?"
Siyo.
"Huzuni?"
Karibu. Ni kama kupika biriani ya watu mia,
wakaja wanane,
na mmoja wao ameshakula kwao.

Acheka mpaka mwiko wagonga karai.
Kisha, taratibu:
"Na embarasi?
Ulilowanong'oneza wenzio
nilipoingia darasani na buibui langu la jikoni?"

Natafuta neno. Nasema, haya, mama. Ni haya tu.

"Haya mtu huivaa mwenyewe, Shekue.
Ile ya kuvishwa na mwanao
ina jina lake."

Achagua hamri lililoumuka kuliko yote,
anitilia kiganjani.
La moto.
Nalishika vivyo hivyo.