Hakuna, Daktari

Miezi miwili jua halichungulii Vardø
na sisi tunalinywa kwa kijiko.

Saa moja asubuhi, nje giza la usiku wa manane,
babamkwe wangu Halvard anawapanga watoto kwa kimo:
Sunniva, Eilif, na kitindamimba Tirill
anayebana midomo kama kome.
Chupa inatoka kwenye friji ikitokwa jasho.
Mafuta ya ini la samaki: rangi ya dhahabu,
harufu ya gati.
"Ziba pua. Meza. Sema asante."
Yeye hunywa viwili, kisha kimoja cha nyongeza,
akajilamba kama paka aliyesamehewa.

Kwa jinsi sisi tunavyoitamka miezi,
mwezi wenye herufi r ni mwezi wa kijiko,
Septemba mpaka Aprili.
Mei ikiingia, mtoto yu huru.
Jua litamlea lenyewe, mchana na usiku.

Mimi hufanya kazi ofisi ya kodi.
Naamini vitu vyenye risiti.
Lakini kabati la jikoni si langu, ni lake:
asali iliyoganda, tangawizi iliyosinyaa kama kidole cha bibi,
kitunguu kilicholala na sukari usiku kucha
hadi kikatoa machozi ya kutibu kikohozi,
soksi ya sufu ya kufunga kooni
(sharti iwe imeshavaliwa, iliyofuliwa haina nguvu),
na kopo la vidonge vya kitunguu saumu, kubwa kama la rangi,
alilolinunua Kirkenes kwa bei ya kutupa.

Usiku mmoja Tirill alikohoa mpaka akatapika.
Nikampa yale machozi ya kitunguu, nikijionea haya.
Akalala.
Sijui kilikuwa kitunguu
au kiganja cha babu kikipanda na kushuka mgongoni.
Risiti haikutoka.

Novemba moyo wa Halvard ukaanza kupiga ovyo,
kama mlevi anayebisha nyumba isiyo yake.
Hospitali ikampa vidonge vya kuzuia damu isigande.
Akavipokea kwa heshima, akaviweka kabatini
kando ya vile vingine, wajuane.

Januari nikamwona akikunja mikono ya shati ili aoshe vyombo.
Zambarau. Toka kiwiko hadi kifundo.
"Nimejigonga," akasema.
Kwenye mkate wake, pale alipong'ata, damu.

Daktari Aslaksen alimpima, akaandika, akauliza:
"Nyumbani unatumia kitu kingine chochote?"
"Hakuna, Daktari."

Wala hakusema uongo.
Nani huorodhesha hewa?
Kijiko kile ni cha mama yake,
aliyemnywesha miaka ile baada ya vita,
mji ukiwa majivu na wao wakiishi kwenye banda la mbao,
maziwa hakuna, chungwa ni hadithi.
Utamwitaje mama yako dawa?

Nikainuka bila kuaga.
Dakika saba juu ya barafu kwenda, tisa kurudi,
kabati lote ndani ya mfuko wa dukani.
Nikalimwaga mezani kwake.

Akavaa miwani, akasoma kila lebo, hata za nyuma.
Kopo la kitunguu saumu akalisukuma mbali.
Mafuta: kijiko kimoja tu, na kiandikwe kwenye faili.
Damu ipimwe tena Alhamisi.
Asali, sawa. Kitunguu cha watoto, sawa.
Soksi akainusa kidogo,
akairudisha mfukoni bila neno.

Njiani Halvard alinyamaza hadi pembe ya kanisa.
Nilidhani nimemwaibisha.
Upepo ulikuwa unatuvua kofia.

"Kuna ile chai ya majani," akasema hatimaye,
"iliyo kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda.
Ya usingizi. Ile si ya kabatini,
kwa hiyo nilifikiri haihesabiki."

Nikasimama.
Akanipa mkono nisiteleze.
Tukageuka.