Ukuta Usiogusa Chini

Nilichora nyuma ya bili ya maji:
urefu tisini, upana arobaini, kimo arobaini.
Kabati la mninga lisingekubali zaidi.
Juu yangekaa matumbawe, taa, na macho ya wageni;
chini, gizani, tangi la pili lingefanya kazi.

Chumba cha kwanza soksi ya kuchujia na mashine ya povu,
cha mwisho pampu ya kurudisha.
Katikati vioo vitatu, vidole viwili kutoka kimoja hadi kingine:
maji yapande, yazame, yapande tena,
kila kiputo kipate pa kutokea, kipasuke
kabla pampu haijakimeza
na kukitapika juu kama unga uliomwagika.

Ndahani wa Majengo hukata vioo vya madirisha.
Aliugeuza mchoro, akaugeuza tena.
"Hiki cha kati umekosea. Kinaning'inia."
Nikamwambia hakigusi chini, makusudi.
"Ukuta gani hauna msingi?"
Akachukua nusu ya fedha huku anacheka.

Jumamosi nikakuta vyote vitatu vimeshikwa na silikoni hadi sakafuni,
mistari imenyooka,
kosa lililofanywa kwa mkono safi kabisa.
Sikubishana. Nikaomba ndoo.
Ndoo ya tatu ikavuka kioo cha kwanza,
ya nne ikagota cha pili,
ikapanda, ikafika ukingoni,
ikamwagikia ndala zake.

Alitazama miguu.
"Aa," akasema, "kumbe yanataka mlango wa chini."
Akachukua wembe,
akakipunguza kioo vidole viwili,
na hakudai nyongeza.

Jirani yangu wa Ilazo huuliza kila akija:
bahari iko kilomita mia nne na hamsini,
wewe unaipika humu kwa chumvi ya paketi?
Sina jibu la kumtosha.
Maji yetu ni magumu, birika la chai lina gamba jeupe;
nayachuja usiku kucha, tone kwa tone,
na yale yanayokataliwa na chujio nafulia, naoshea choo,
kwa sababu mama yangu, kule Mvumi,
alifukua mchanga wa korongo kwa kibuyu
akasubiri maji yajikusanye
hadi jua likamhamisha kivuli.
Sijamwambia bei ya chumvi hii.

Kisha kuna Agosti, na upepo wake mkavu.
Upepo hunywa maji, chumvi huiacha.
Lakini tangi la juu halipungui hata unywele:
siku zote limejaa, siku zote linang'aa.
Kinachoshuka ni chumba cha mwisho peke yake,
kile cha pampu, ambacho hakuna mgeni hukiona.
Sechelela, mwanangu, ndiye hukagua asubuhi kabla ya shule,
anaongeza maji baridi kwa kopo
na kuandika tarehe ukutani kwa chaki.

Hesabu moja iliniweka macho.
Umeme ukikatika, maji ya juu hushuka yenyewe:
sentimita tatu za tangi kubwa na yaliyomo kwenye mabomba,
lita ishirini na mbili.
Chini zitahitaji sentimita sita na ushee za uwazi,
nami nimeacha kumi.
Kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo ya uso wa maji,
nilitoboa tundu dogo kuliko punje ya mtama
livute hewa, likate mfyonzo.

Jana, saa mbili na robo usiku, mtaa mzima ukazimika.
Nikapiga magoti na tochi mdomoni.
Maji yakaja, yakaja,
yakaufunika mstari wangu wa penseli,
tundu likakoroma mara moja kama mtu aliyeamshwa,
kimya.

Ukingo ulikuwa mkavu. Niliupapasa wote, pande nne.
Kioo cha kati kilining'inia mahali pake,
na chini yake, kwa mwanga wa tochi,
konokono mmoja alikuwa anapita.